Ex-Philomène

Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, la rangi ya kijani, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwa Faustin kwa kamba ya kiatu miaka ishirini na mbili. Akienda kuoga, anao. Akilala, anao. Mke wake alimtania kwamba siku atakayofika mbinguni, Mtakatifu Petro atadhani amekuja kumnyang'anya kazi.

Ndani mlikuwa na kadi za wagonjwa wa zahanati ya ngozi, zaidi ya elfu moja, watu wa Kisangani na wa vijiji vya mtoni hadi karibu na Yangambi. Nasema ngozi kwa sababu ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Ukweli ni kwamba walikuwa wagonjwa wa ukoma, na wengi wao walikuwa wamepona zamani; walikuwa wakifanya biashara, wakifundisha shule, wakiimba kwaya. Lakini hebu mwambie mtu wa mji huu kwamba jirani yake aliwahi kuugua maba, kama tunavyouita kwa Lingala, halafu uone kama kesho ataenda kuomba chumvi kwake. Thubutu! Atakula mboga bila chumvi mpaka afe.

Na kadi moja kati ya hizo ilikuwa ya mke wa Faustin mwenyewe.

Aliletwa pale na mama yake mwaka wa sitini na moja, msichana wa miaka kumi na tano aliyetoka Maniema na kitambaa begani cha kufichia baka. Faustin alipoajiriwa kuwa karani, miaka minne baadaye, alimkuta akija kila mwezi kuchukua vidonge, na haukupita muda karani akaanza kuhesabu siku za mwezi. Mwaka wa sitini na sita daktari aliandika kwenye kadi kwamba amepona. Mwaka uliofuata Faustin alikwenda kumposa. Hakuwa na mali wala jamaa wakubwa, kwa hiyo alimpa ahadi.

"Kadi yako, hakuna mutu ataiona," alimwambia.

"Hata watoto wetu?"

"Hata watoto."

Ugonjwa ulimwachia kitu kimoja tu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikusikia moto. Mama huyu aliuza liboke, samaki waliofungwa kwa majani na kuivishwa juu ya makaa, kivukoni pale watu wanaposubiri kuvuka kwenda ng'ambo ya kushoto ya mto, na alivitoa vifurushi motoni kwa vidole hivyo viwili huku anacheka na wateja. Watu walipenda kumwangalia. "Philomène huyu, moto unamuogopa!" walisema, na yeye alicheka zaidi. Philomène ndilo jina alilobatizwa, na mji mzima ulimwita hivyo, kuanzia mapadri hadi wapiga kasia.

Mji mzima isipokuwa mumewe. Na hapa lazima nieleze kidogo, maana vijana wa leo hawajui tulikotoka.

Mwaka wa sabini na mbili serikali ilisema majina ya Kizungu basi, kila mtu atafute jina la mababu zake. Faustin mwenyewe kazini akawa Citoyen Kisubi, yaani Mwananchi Kisubi. Amri ikaja zahanati pia: kwenye kadi, majina ya ubatizo yafutwe, jina jipya liandikwe juu, na lile la zamani lishushwe chini kwenye kisanduku cha maelezo, likitanguliwa na "ex-", yaani "zamani aliitwa", ili mtu wa zamani asipotee. Faustin alikaa wiki tano akifuta na kuandika. Na katikati ya wiki hizo, siku moja, alisimama uani kwake akaita, "Philomène, leta maji!" Kijana mmoja wa Chama alikuwa anapita njiani. Faustin alikamatwa, akawekwa ndani siku tatu. Walichomfanya humo hakusema, lakini alirudi na sauti ndogo, na sauti hiyo haikukua tena.

Jioni ile ile alimchagulia mkewe jina: Nyota. Akamwita hivyo tangu siku hiyo, uani, mezani, mpaka ndani ya chandarua. Haukupita mwaka watu wengine walikuwa wamesharudia majina yao nyumbani kimya kimya, nani atakusikia? Yeye hapana.

"Niite jina langu, Faustin," mkewe alikuwa akimwomba, kwa makusudi akilitaja jina la mumewe kwa sauti. "Hata mara moja. Mulango si umefungwa?"

Faustin alitabasamu, akachungulia dirishani. "Lala, Nyota."

Miaka kumi na mitano, jamani.

Basi mwaka wa themanini na saba akaja Alexis. Alikuwa fundi wa kompyuta kutoka Kinshasa, mwembamba, shati limepigwa pasi, mwenye adabu kuliko tulivyotarajia kwa mtu wa Kinshasa. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umeleta mashine mbili na ulitaka kadi zote za mkoa ziingizwe humo, ili daktari akibonyeza tu aone nani amekosa dawa. Kazi ya Alexis ilikuwa kuifundisha mashine jinsi ya kusoma kadi. Siku ya kwanza tu akaomba ufunguo.

"Hapana," alisema Faustin.

"Vieux," alisema Alexis, kama vijana wanavyowaita wazee kwa Kifaransa, "nitajenga aje kitu bila kukiona?"

"Nitakutungia kadi. Mutu fulani, wa mahali fulani."

Alexis alicheka kwa upole. "Ukitunga, utatunga kadi safi, Vieux. Mie nahitaji zile chafu. Yenye tarehe mbili, yenye daktari aliandika akiwa na haraka, yenye maneno imejaa mpaka pembeni. Juu ya hizo ndiyo mashini inaanguka. Nikipima na kadi safi, siku utaiwekea ya kweli itakufa."

Faustin alielewa. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia: hakuwa mjinga, na huyu kijana hakuwa mwizi. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Walipelekana mpaka kwa daktari mkuu, naye akakata shauri. Kabati halifunguliwi kwa mtu. Citoyen Kisubi atanakili kadi mia moja yeye mwenyewe, kila kadi ya kumi, bila kuchagua, ili mchanganyiko uwe wa kweli. Jina litoke, jina la pili litoke, mtaa na nyumba vitoke; mahali pake iwekwe namba. Maelezo yanakiliwe yote bila kupunguza hata nukta, maana hapo ndipo mashine inapojaribiwa.

Faustin alipiga taipu siku kumi na mbili. Alitengeneza daftari dogo la kuonyesha namba ipi ni mtu yupi, akalifungia kabatini. Utepe wa taipu uliokwisha aliuchoma uani, akakoroga majivu kwa kijiti. Kila karatasi aliisoma mara tatu kutafuta jina lililosahauliwa, na alipata mawili, akayafuta kwa wembe.

Kadi ya arobaini na saba katika zile mia ilikuwa ya mkewe.

Aliiangalia muda mrefu. Angeweza kuiruka, akachukua ya jirani yake, nani angejua? Lakini agizo lilisema bila kuchagua, na yeye hakuwa mtu wa kurukaruka agizo. Tena kulikuwa na fahari kidogo, tuseme ukweli. Alijiambia kwamba kama kazi yake ya kuficha inatosha kwa wake na watoto wa wenzake, inatosha kwa mke wake. Akafuta Nyota. Akafuta jina la ukoo. Akafuta mtaa. Kisha akanakili maelezo kama yalivyo: "Ex-Philomène. Anauza liboke. Vidole viwili vya kushoto havisikii moto, ajihadhari. Ametibiwa ukoma 1961 hadi 1966. Amepona."

Karatasi zile akampa Alexis kwa mikono miwili. "Majina yametoka yote," alisema.

"Merci, Vieux. Hii ni kazi."

Alexis na mashine zake walikuwa katika chumba cha kupanga katikati ya mji. Aliandika kadi zile mia kwenye mashine, na kila jaribio alilichapisha kwenye yale makaratasi mapana yenye matundu pembeni. Sasa ninyi mnaujua umeme wetu. Maporomoko ya Tshopo yapo, bwawa lipo, lakini umeme unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Kila ulipokatika, karatasi ilikwama katikati ya mstari, ikawa haina kazi. Alexis aliichana, akaitupa kwenye boksi la kona. Kwake zilikuwa namba tu. Mlinzi wa nyumba alipoona boksi limejaa aliuliza kama anaweza kulichukua, na Alexis alimwambia chukua. Kila ofisi ya mji huu hufanya hivyo. Karatasi za ofisi huishia sokoni, kwa mama wanaofungia karanga.

Siku ya kwanza Philomène alirudi na beseni nusu. Alisema watu hawana njaa. Siku ya pili alirudi na beseni lililojaa, samaki wote wamepoa ndani ya majani yao. Alikaa kwenye kibao chake uani, hakuvua hata kilemba.

"Wananiangalia mukono, Faustin. Natoa liboke kwa moto, na wananiangalia mukono. Hakuna mutu anacheka."

"Iko kichwa chako tu, Nyota."

"Mama mumoja alikamata mutoto wake, akamuvuta nyuma." Akamgeukia mumewe. "Kadi yangu iko wapi?"

"Kabatini." Na akagusa ufunguo kifuani. Aliamini anachosema.

Siku ya tatu alikuja Mama Kadidja, jirani yao, mwanamke wa zile familia za Kiislamu za zamani pale mjini, rafiki wa Philomène tangu watoto wao wakiwa wananyonya. Hakuingia ndani. Alimwita Faustin kando ya ua, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwakunjwa, chenye mafuta ya karanga na matundu pembeni.

"Papa Faustin, mie sisomi Kifaransa. Lakini inatembea sokoni, wanasomeana. Nimenunua karanga yote ya ule mama nipate hii. Sijui ziko ngapi zingine." Macho yake yalikuwa mekundu. "Leo nilikula liboke yake mbele ya watu wote, nikalamba na vidole. Wakaniangalia na mie vilevile."

Juu ya karatasi palikuwa pamechapwa kwa Kifaransa: UKOMA, ORODHA YA MAJARIBIO. Chini yake namba, na namba, na namba. Arobaini na saba. Ex-Philomène. Anauza liboke. Vidole viwili vya kushoto havisikii moto, ajihadhari. Ametibiwa ukoma 1961 hadi 1966. Na hapo umeme ulikuwa umekatika. Neno la mwisho, lile la "Amepona", halikuchapwa.

Faustin hakumbuki alivyofika mjini. Aliweka kipande kile mbele ya Alexis, juu ya mashine yenyewe. Alexis alisoma, akasimama.

"Karatasi niliitupa mie," alisema. "Mungu wangu. Nilisema ni namba tu. Lakini, Vieux, uliniambia majina yametoka yote."

"Yametoka."

"Na hii?" Kidole chake kilikuwa kwenye neno la kwanza.

"Ile si jina. Ile ni ex."

Alisema hivyo bila kufikiri, kwa ile sauti ndogo aliyorudi nayo mwaka ule. Kisha akajisikia mwenyewe. Alexis alikuwa anamtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira wala dharau, bora ingekuwapo.

"Nani huyu, Vieux?"

"Ni bibi yangu, mama ya watoto wangu."

"Nyumbani munamuita nani?"

"Nyota."

"Na watu wa mutaa? Na watu wa sokoni?"

Faustin aliliangalia tena lile neno la kwanza. Wauza liboke wa Kisangani ni wengi, huwezi kuwamaliza. Hata mwenye vidole vibovu angeweza kuwa yeyote. Ni lile neno moja lililomtoa katikati ya wote na kumsimamisha peke yake juani, na mtu pekee katika mji mzima ambaye asingeliona kuwa ni jina alikuwa ndiye aliyepewa kazi ya kuliona. Alikaa chini sakafuni pale pale, mtu mzima wa miaka hamsini, akalia. Alexis alikwenda kwa mlinzi, akazunguka soko siku mbili akinunua karanga kwa kila mama ili apate makaratasi. Alipata kumi na moja. Haikusaidia kitu, maana watu walikuwa wameshasoma.

Kumwambia mkewe ndiko kulikokuwa kugumu. Alimwambia yote, kadi, agizo, taipu, karatasi. Philomène alisikiliza akiwa ameshika vidole vyake viwili kwa mkono wa pili. Aliuliza swali moja tu.

"Ulipoandika Philomène, hukuniona?"

"Niliona..." Alitafuta. "Niliona kisanduku."

Philomène alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei ya kitu asichoweza kununua.

"Philomène," alisema Faustin. Lilitoka kwa shida. Akalirudia, "Philomène, nisamehe."

"Ah, Faustin." Machozi yakamtoka hapo, sio kabla. "Miaka kumi na tano nakuomba. Unalileta leo? Leo si jina tena. Leo ni ugonjwa."

Labda angebaki. Mimi nafikiri angebaki, maana alikuwa mwanamke shupavu, na soko husahau kidogo kidogo. Lakini walikuwa na watoto mapacha, wasichana wa miaka kumi na tisa, Augustine na Clémence, na sasa nao walikuwa wamejua. Augustine alilia, akamkumbatia mama yake, akalala naye kitanda kimoja. Clémence hakusema neno baya hata moja. Ila asubuhi moja alichukua kikombe alichonywea mama yake, akakiosha, akakitazama, akakiosha tena kwa majivu. Alipogeuka alimkuta mama yake mlangoni. Clémence alitupa kikombe, akapiga magoti, akaomba msamaha mpaka sauti ikamkauka, na Philomène akamsamehe kwa moyo wote. Lakini jioni alikuwa anafunga nguo zake.

Alikuwa na mdogo wake Yangambi, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya watafiti. Huko hakujulikana.

"Watauliza jina," alimwambia Faustin. "Nitasema Nyota. Unaona? Ile jina yako mwisho imepata kazi."

Faustin alimbebea beseni hadi bandarini. Watu walikuwa wengi, na vifurushi, na kuku, na magunia ya mchele, na mbele ya ubao wa kupandia boti alikaa karani wa abiria na daftari kubwa la zamani, lenye safu zilezile Faustin alizozijua kama mistari ya kiganja chake. Karani mwenzake. Hata kalamu aliweka sikioni vilevile.

"Jina?"

"Nyota," alisema Philomène.

"La pili?"

"Kisubi."

Karani aliandika bila kuinua kichwa. Nyuma yao walikuwa wanawake wawili wa soko wakisubiri zamu, na mmoja ameinama mbele kusikiliza, kwa sababu kwenye foleni watu husikiliza. Karani alisogeza kalamu kwenye safu iliyofuata.

"Ex?"

Philomène alimgeukia mumewe, akamtazama. Faustin hakuwahi kudanganya karatasi ya serikali maisha yake yote. Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno yake, jina zima, sasa hivi laini kabisa, lingetoka bila shida yoyote. Alitaka kulisema kuliko alivyotaka kitu chochote duniani.

"Hana," alisema Faustin. "Hakuwa nayo."

Karani akapiga mstari kwenye kisanduku, na Nyota akapanda boti.